Pacha wa Gari la Daktari

Jumamosi

Bora fundi angenyamaza. Gari jekundu nililoliota tangu utotoni, nakala ya lile la daktari wetu wa zamani, leo limeingia uani kwangu. Mama akatoka kulishika. Fundi aliyelitengeneza akajisifu: "Ni pacha kabisa wa lile la daktari, mama!"

Mama akarudisha mkono. "Pacha? Mwenzake yuko wapi?"

Nikasema ukweli: lilipinduka njia ya Nzega, likateketea na daktari ndani.

"Kwetu Unyamwezini pacha akifa, aliyebaki hufanyiwa dawa, mwanangu. Bila hivyo mwenzake humwita."

Nilicheka, lakini sikupenda.

Jioni, nikitoka kuweka mafuta, stelingi ikavuta yenyewe upande wa njia ya Nzega. Fundi anasema ni magurudumu tu, hayajanyooka. Nikamwambia apande twende wote.

Akasema atarudi kwake Ng'ambo kwa miguu.