Shavu la Kushoto

Bwenini,
Jumapili, baada ya kufua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kitanda cha juu, kichwa kikikaribia kugusa dari, na sare zangu zinakauka dirishani. Habari za afya yako? Ule mkono uliokuwa ukikuuma kwa kukanda unga umepata nafuu, au bado unaupaka dawa asubuhi na kuuchosha tena mchana kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine? Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha. Mikate uliyompa mama mdogo aniletee haikulala, kwa sababu Redio, rafiki yangu wa kitanda cha chini ambaye hanyamazi hata akiwa usingizini, alilitangazia bweni zima. Nilifanikiwa kuficha kipande cha mwisho, kile kigumu cha ukoko, na unajua kuwa hicho ndicho nikipendacho.

Mama, barua hii ni ndefu. Ndani yake mna habari njema, ombi moja, na jambo ambalo lazima niungame. Ombi nalitaja sasa hivi ili lisinikae kooni. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu ni siku ya wazazi, nami nataka uje wewe mwenyewe, maana huu ni mwaka wa tatu niko hapa na hujawahi kuliona hata geti la shule yetu. Najua utauliza nani atabaki na tanuri. Tafadhali usijibu bado. Soma hadi mwisho kwanza.

Nianze na habari njema. Muhula uliopita nilikueleza juu ya mwalimu wetu wa sanaa, yule tunayemwita Bi Penseli kwa kuwa huchomeka penseli kwenye nywele kisha huzunguka darasa zima akiitafuta. Siku moja alinituma maktaba kufuta vumbi, na nyuma ya kamusi nikakuta kitabu kikubwa kisicho na jalada, kurasa zake za kwanza zimeliwa na mchwa. Kilikuwa kitabu cha hadithi za kale, na picha zake zote zilikuwa za wino mweusi. Kulikuwa na msitu ambao miti yake ilikunja vidole. Kulikuwa na viunzi viwili vya mifupa ya watu vilivyovaa nguo za harusi, vimeshikana mikono kwa adabu kabisa. Kulikuwa na mwanamke mwenye taa kifuani mahali pa moyo, na kivuli chake kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Niliogopa, Mama, lakini sikuweza kukifunga. Nilikaa sakafuni na kile kitambaa cha vumbi mkononi mpaka kengele ya chakula ikalia, na sikuisikia.

Nilimwomba Bi Penseli aniambie kama nina kasoro, kwa sababu wenzangu hupenda kuchora maua na mimi nimependa mifupa. Alicheka, akasema basi kasoro hiyo tunayo wengi. Akanieleza kwamba picha ya kutisha ni kama chumba chenye mlango: unaingia kwa hiari yako, unaitazama hofu yako imekaa kwenye kiti, na ukichoka unatoka. Hofu za kweli hazina mlango, akasema, ndiyo maana watu huzichora. Kisha akaniambia kwamba wapo watu wazima ambao hiyo ndiyo kazi yao, kuchora vitabu vya namna ile, na wanaishi kwayo. Mimi sikujua kama ni kazi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiwazia jambo ambalo bado naona haya kuliandika.

Akanifundisha kuchonga na kuchapa. Unachukua kipande cha raba ya sakafuni, unachora juu yake, kisha unachonga kwa kisu kidogo sehemu zote unazotaka zibaki nyeupe. Unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi juu, na unaisugua polepole kwa mgongo wa kijiko. Unapoibandua, picha iko pale. Vidole vyangu sasa vina plasta tatu, lakini usijali, ni majeraha ya kawaida ya kazi, kama malengelenge yako.

Kila Jumatano watoto wa darasa la pili kutoka shule ya jirani huja maktaba yetu kusomewa. Mwaka huu Bi Penseli alitaka kila mmoja wetu aandike hadithi aliyoisikia nyumbani na kuichapia picha. Mimi nilichagua Bibi wa Tanuri. Unaikumbuka? Ulikuwa ukinisimulia nilipokuwa mdogo, tukiwa tumekaa juu ya magunia tukisubiri unga uumuke. Kijiji kimeishiwa moto, na moto wote uliobaki uko kwa Bibi wa Tanuri mwishoni mwa msitu. Kila anayetumwa huko anaziba macho kwa viganja ili asimwone, na kwa sababu ya kuziba macho anatumbukia shimoni. Mwisho anatumwa msichana ambaye mikono yake yote miwili imebeba chungu cha kutilia makaa, hana cha kuzibia macho, basi anamtazama, anamwamkia, na anarudi na moto.

Lakini hukuwahi kunieleza sura ya huyo Bibi. Kila nilipokuuliza ulisema uso wake hausimuliki, kisha unaenda kuangalia unga. Kwa hiyo ilibidi niubuni mwenyewe. Nilichora nyuso kumi na mbili na zote zilikuwa za uongo, pembe hapa, meno pale. Picha ya kumi na tatu mkono ulienda wenyewe. Niliichonga kwa siku nne. Nilipoichapa niliona nimefanya kosa ambalo Bi Penseli anasema kila mwanafunzi hulifanya mara moja: nilisahau kwamba picha ikichapwa hugeuka, ya kushoto ikawa kulia. Bibi wa Tanuri ana kovu, nami nililichonga shavu la kushoto, likatokea la kulia. Bi Penseli akasema haidhuru, zimwi halina cheti cha kuzaliwa, hakuna atakayekuja kudai. Nilimjibu kuwa lazima nichonge upya. Aliniuliza kwa nini, nikasema tu kwamba si yeye.

Kwa kuwa Jumatano ilikuwa imefika, tulitumia hiyo hiyo iliyogeuka. Redio alikuwa amekwisha kuniambia kuwa hatalala chini ya picha kama ile, niigeuzie ukutani, halafu kila asubuhi ananiomba niigeuze aione kidogo tu. Watoto nao walikuwa hivyo hivyo. Walijificha nyuma ya migongo ya wenzao, na kila mmoja akaacha jicho moja nje. Mwalimu mkuu akapita. Alisimama mbele ya picha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema watoto wana hofu za kutosha makwao na shule haikujengwa ili kuwaongezea. Akaagiza kwamba kufikia Jumatano nyingine huyo bibi awe anatabasamu.

Nililia chooni, sikufichi. Bi Penseli hakubishana naye. Aliniambia nitii, ila nimfanye atabasamu vizuri. Basi nilichapa Bibi mwingine, mviringo kama andazi, hana kovu, ana tabasamu toka sikio hadi sikio na meno yote yanahesabika, na ua kichwani. Mwalimu mkuu alikuja kuhakikisha. Akakaa nyuma kabisa kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. Nilionyesha picha. Kisichana kimoja chenye pengo la meno mawili kikauliza kwa nini anacheka, na kwani amemla nani. Mtoto mwingine akaanza kulia, na wa tatu akasogea mlangoni na viatu vyake mkononi. Yule mwenye pengo akasema anamtaka bibi wa wiki iliyopita. Mwalimu mkuu akamuuliza kwa upole kama yule hakumtisha. Akajibu kuwa alimtisha mwanzoni, lakini akimtazama sana anaona kuwa yule bibi si mbaya, anaumwa tu shavu, na anasubiri mtu amwambie pole.

Mama, sikuweza kuendelea kusoma. Bi Penseli alinipokea karatasi za hadithi akamalizia.

Baada ya hapo mwalimu mkuu aliniita ofisini. Nilidhani nimepatikana, kumbe alitaka kuniambia kwamba amebadili mawazo, na kwamba hata yeye utotoni alilala na shuka usoni kwa miaka miwili kwa sababu ya koti lililotundikwa nyuma ya mlango, na laiti mtu angemchorea lile koti. Picha ya kwanza ndiyo itakayotundikwa mlangoni mwa ukumbi siku ya wazazi. Hizo ndizo habari njema zangu.

Sasa niungame. Nimekwisha kuchonga penseli mara mbili ili nichelewe kufika hapa.

Uso ule ni wako. Nadhani umekwisha kujua. Shavu la kushoto, ngozi iliyojikunja chini ya jicho na kushuka mpaka shingoni kama unga uliovutwa ukaachwa, sikuubuni hata mstari mmoja. Nilikuwa na umri wa miaka saba gesi ilipolipuka mlangoni mwa tanuri. Ulipotoka hospitali na bendeji zikatolewa, mimi nilikimbilia stoo nikajificha nyuma ya magunia, nikapiga kelele kwamba nataka mama yangu. Nilikataa kutoka. Ukasimama upande wa pili wa magunia muda mrefu, kisha ukaniambia haya, toka, nimeshajifunika. Nikatoka. Na tangu siku ile, Mama, sijakuona bila mtandio, hata jikoni kwenye joto lile, hata ukiwa umelala mchana. Uliacha kusimama kaunta. Mikate unaipitishia dirisha la nyuma. Watu husema ni aibu yako. Mimi ninajua kuwa ulijifunika kwa sababu yangu, na miaka yote hii sikuwahi kukuambia ujifunue.

Lipo na la pili, na hili ni baya zaidi. Siku ya kwanza mama mdogo aliponileta hapa, wasichana getini walisema mama yako ni mrembo, nikasema asante. Sikusahihisha. Baadaye Redio aliponiuliza habari za nyumbani, nilimweleza kuwa mama yangu anasimama kaunta na nywele zake zimesukwa vizuri. Mama mdogo hajui lolote, usimlaumu. Kwa miaka mitatu nimekuacha nyuma ya magunia, mimi nimekaa mbele.

Ile picha iliyogeuka ingeweza kunificha. Kovu likiwa kulia, hata wewe ungekuja ungepita mlangoni bila kujitambua. Ndiyo maana nilichonga upya. Nimeichora kinyume kwanza, nikaitazama kwenye kioo cha Redio, kisha nikachonga kwa majuma mawili kila baada ya masomo. Nilipofika kwenye jicho niligundua kuwa nimekutazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kukutazama maishani mwangu, na kwamba hofu ilikuwa imetoka, sijui siku gani. Iliyobaki ilikuwa hamu tu ya kukuona.

Nakala ya kwanza ya picha hii mpya imo ndani ya bahasha hii, kati ya karatasi mbili ngumu. Raba yenyewe iko chini ya godoro langu. Hakuna aliyeiona, wala haitatundikwa mahali pa ile ya kwanza mpaka unijibu. Ukiona nimekukosea, basi tanuri unalo, itie humo, nami nitaikata raba vipande na kumwambia Bi Penseli ukweli, kwamba mwenye uso amekataa. Sitanung'unika. Wataitundika ile ya kovu la kulia.

Lakini ukikubali, mwachie mwoka mwenzako zamu moja, uje. Mtandio uvae au usivae, hilo ni juu yako. Mimi naomba tu usiuvae kwa sababu yangu. Nitakuwa getini tangu asubuhi. Redio nitamweleza leo hii kabla ya chakula cha jioni, kwa maana akishajua yeye, shule nzima imejua, na aibu yangu yote itakuwa imekwisha kwa mkupuo mmoja.

Nisalimie mama mdogo na wote wa hapo kiwandani kwenu kwa mikate. Upake ule mkono dawa, na uupumzishe. Nakupenda, na pole, Mama. Pole ya shavu. Nimechelewa miaka minane kukuambia.

Ni mimi mwanao,
Ukoko wako

Nimesahau: yule mtoto mwenye pengo ameniuliza kama Bibi wa Tanuri atakuwepo hiyo Jumamosi. Nimemwambia kuwa nimemwandikia barua, na ninangoja jibu.