Taa Mpya ya Matumbawe ya Baba

Dada yangu mpendwa,

Kabla sijakujulia hali, acha nilitoe jambo hili lisije likanikwama kooni: kwa wiki mbili nzima nilikuwa namdanganya Baba kila asubuhi. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Sasa naweza kukusalimu vizuri. Hujambo? Kazi ya mafaili hapo hospitalini inaendeleaje, na lile jino lako limetulia? Mama ni mzima, anakusalimu sana, ila analalamika kwamba ukipiga simu unaulizia paka kwanza, yeye baadaye.

Mimi tangu nimalize shule nashinda dukani na Baba. Unajua nilivyo. Kazi ya kutengeneza saa inanifaa, kwa sababu saa haikuulizi umefaulu au umefeli. Baba ameniwekea kiti karibu na dirisha na kunipa lenzi yake ya pili, ile ya kubana jichoni. Bado ananiita Redio kwa kuwa sisemi, na mteja mgeni akinisalimu nikainama tu, Baba humwambia betri zimeisha. Nimeshajua kufungua kifuniko cha nyuma na kuokota skurubu ndogo kuliko chembe ya sukari. Siku aliponiachia skurubu zote nilijivuna, nikaona nimekuwa fundi.

Lile tangi la kioo la matumbawe hai na samaki unalikumbuka, la lita sitini tu, aliloachiwa na daktari wa meno wa jirani alipohama. Bado lipo mezani chini ya saa za ukutani, na Jumamosi Baba bado hulichanganyia maji ya chumvi kwa uangalifu kama anayepika uji wa mtoto. Mwaka huu alianza kulalamika kwamba tyubu zake za taa zimechoka. Ni kweli tyubu huchoka, mwanga wake hupungua ingawa zinawaka. Lakini alizibadilisha mara tatu kabla mwaka haujaisha, na kila mara baada ya siku chache alisema mambo ni yaleyale, siku hizi watu hawatengenezi vitu imara. Mwishowe tukaleta taa ya LED.

Dada, laiti ungekuwepo tulipoiwasha! Tyubu zilikuwa zikivuma na kutoa joto kama pasi. Hii haina sauti wala joto. Mwanga wake ulivunjikavunjika majini, ukawa mistari inayotembea juu ya mchanga, ikapanda ukutani, ikapita kwenye nyuso za saa moja baada ya nyingine, hadi ukadhani duka zima limezama taratibu na muda wenyewe unaelea. Fundi viatu wa mlango wa pili akachungulia, akauliza kama samaki wamefungua disko, na je, wenye viatu vya viraka wanaruhusiwa kuingia? Nilicheka mpaka nikasahau haya zangu. Baba naye alicheka. Baadaye kidogo akaniomba niongeze mwanga.

Taa hii ina rimoti yenye namba. Alinikabidhi mimi, akisema vitufe ni vidogo mno kwa vidole vyake. Nikacheka tena: mtu anayeshika skurubu za saa za akina mama! Sikujiuliza zaidi.

Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi ilisema matumbawe yaliyozoea taa ya zamani yaanziwe chini, asilimia thelathini hivi, kisha mwanga upandishwe kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Nilimsomea Baba akakubali. Ila kila asubuhi alisema bado giza, ongeza. Nikaongeza. Siku ya sita tulikuwa tumefika sabini. Lile tumbawe linalofanana na uyoga likajikunja kama ngumi, na lile la vidole likaanza kupauka ncha, nyeupe kama chaki. Nilimwonyesha. Aliinama mpaka pua ikagusa kioo, akasema haoni kasoro yoyote, niongeze.

Nilishindwa kubishana naye. Nikairudisha taa thelathini na tano kimyakimya. Tangu hapo, kila akiuliza leo ni ngapi, nilijibu themanini. Redio nzima imepata sauti, nayo ni ya kusema uongo! Lakini matumbawe yakaanza kupona.

Jumamosi iliyopita tulipokuwa tunabadili maji, Baba alinawa, akakunja shati, akazamisha mkono polepole mpaka kidole kikagusa ukingo wa uyoga. Ulikuwa umetanda, mpana kama kiganja. Akatulia hivyo, mistari ya mwanga ikimpita mkononi. Kisha akasema kwa upole kwamba tumbawe lililotanda hivi haliko kwenye themanini, akaniuliza ni ngapi kweli. Nikamwambia. Nilingoja anigombeze. Alijifuta kidole kimoja kimoja, akasema, "Basi taa si mbovu."

Saa zote zikaendelea na kazi yake. Nami nikaelewa yote kwa mpigo: tyubu, vitufe, skurubu. Alinieleza kwamba kwa zaidi ya mwaka anaona kama mtu anayetazama kupitia kioo chenye mvuke. Aliomba sana iwe ni taa, maana taa hubadilishwa. Fundi saa akijulikana kwamba haoni, alisema, nani atamwachia saa ya marehemu mzazi wake? Nikamuuliza kama alinifundisha kazi kwa sababu hiyo tu. Akajibu kwamba alianza kwa sababu hiyo, na ameendelea kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Akaniomba nisimwambie Mama, wala wewe. Niliitikia.

Siku hizi kabla ya kufunga duka hunitaka nimsimulie tangi. Namwambia ncha za lile tumbawe la vidole zinarudi kijani, yule samaki wa mistari anaingia na kutoka kwenye kivuli chake, mchanga unapumua. Yeye hufumba macho akatabasamu. Jana alisema betri zimepatikana. Nilifurahi, Dada, kisha nikaenda nyuma ya duka nikalia, kwa sababu kusimulia si kutibu.

Tafadhali waulize madaktari wa macho hapo kazini kwenu, kama unayemuulizia mgeni. Waambie ni mvuke tu, hauumi. Kama ni mtoto wa jicho, si huondolewa? Halafu omba likizo uje umshawishi akapimwe, kama uliyeyagundua macho yake mwenyewe. Wewe anakusikiliza.

Wasalimie wote unaokaa nao. Nakuomba, barua hii uisome peke yako na uichane. Mama asijue, na Baba asijue kamwe kwamba nimevunja ahadi. Ukifika, sema umekuja kuiona taa mpya.

Mdogo wako akupendaye,
Redio