Sindano ya Pindoni

Nyumba ya Bwana Creagh,
Kilmoyle, 9 Mei 1788

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa alfajiri? Na dada Neasa, amejifungua salama? Mimi mwili haujambo, kazi nafanya, lakini moyo wangu umekwisha, na leo sitakuficha. Naomba barua hii usomewe na Mjomba Tadhg, siyo padri. Mjomba, tafadhali usiruke hata neno moja, hata likikuchoma.

Nilikuambia nimepata mchumba, sikukuambia ni nani. Unakumbuka ulivyonifundisha kwamba kabla ya kumwaga maji machafu nje nitoe sauti, ili Watu Wema, wale wasioonekana wa chini ya kilima, wapate kusogea? Hapa hakuna anayejali, wanamwaga tu. Mimi nilikuwa napaza sauti, "Jamani, maji hayo!" na Nóra mpishi ananicheka, eti naupigia upepo hodi. Basi asubuhi moja mwaka juzi, upepo ukanijibu ahsante. Akatokea kijana nyuma ya mti wa miiba, amevaa kijivu, akasema kwa miaka mia watu wa nyumba hii wamekuwa wakimmwagia maji ya masufuria, na mimi ndiye wa kwanza kumwonya. Nikacheka, Mama. Sikuwa nimecheka tangu nilipofika hapa.

Jina hakunipa, kwao hawatoi, nikamwita Fiachra. Alikuwa akija asubuhi nikisukasuka maziwa ya siagi. Mlangoni hakuingia hata siku moja, maana juu yake kimepigiliwa kiatu cha farasi, na chuma kwao ni kama moto. Alikaa nje kwenye jiwe, akiniuliza mambo ya ajabu: njaa inaumaje, uchovu unaanzia wapi, kwa nini bibi wa nyumba hii akiniita husema "wewe". Yeye aliniita Gobnait, jina zima, kama mtu anayeonja kitu kitamu. Ndipo nilipompenda. Nóra naye hakukosa la kusema. "Huyo bwana'ko mbona hakanyagi umande?" akaniuliza siku moja, na kweli majani yalikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, zangu. Nikamjibu ana adabu zake, hapendi kuharibu majani ya watu.

Mwezi wa nne akaniambia anataka kunioa. Mlango wa kilima, alisema, hufunguka adhuhuri ya siku ya kwanza ya Mei, mara moja kila miaka saba, na angeniingiza kwao kwa mkono wake mwenyewe. Sharti lilikuwa moja, nisiwe na chuma chochote mwilini. Nikienda nacho mlango utajifunga, na atakayeumia si mimi, ni yeye aliyenishika. Nikamwambia nakuja.

Siku ilipofika nikamwachia Nóra funguo. Nikatoa pini za nywele, nikavua viatu kwa sababu ya misumari, nikapanda peku. Kilima kilikuwa wazi kama mlango wa ghala, na ndani kunanukia matofaa. Fiachra alikuwa anatetemeka kwa furaha.

"Umeacha vyote?" akaniuliza.

"Vyote," nikamjibu.

Akanishika mkono. Tulitembea hatua tatu, Mama, tatu tu. Ya tatu akalia kama sungura aliyenaswa, akanitazama, wala hakunilaumu. Alionekana tu kushangaa. Kisha mkono niliokuwa nimeushika ukawa majani makavu. Mbele yangu kilikuwa kilima cha siku zote, na kondoo wa Bwana Creagh wakila.

Chuma kilikuwa kwenye sketi yangu ya ndani. Ni ile sindano uliyoishonea pindoni siku niliyoondoka nyumbani, ili Watu Wema wasinichukue.

Usilie, Mama. Mjomba, mwambie asilie, kwa sababu kosa si lake. Sindano nilijua ipo. Jana yake jioni nilikaa kitandani nikaipapasa, nikaukuta uzi wako mwekundu na mishono yako iliyokwenda upande kwa sababu macho yako hayaoni vizuri. Ningeukata kwa meno, ikaisha. Sikuukata. Nilimpenda kuliko roho yangu, lakini niliogopa, nikajiambia kama huyu mtu ni mwongo, Mama atanishika. Hakuwa mwongo. Alinionya kwamba ataumia yeye, nikasikia vizuri, na bado nikamjibu, "Vyote."

Sasa kila nikitoka na ndoo natoa sauti, kisha nasimama nasubiri mpaka Nóra anakuja kuninyang'anya. Hanicheki tena. Nimeyahifadhi yale majani kwenye kitambaa, ingawa yanazidi kuwa vumbi.

Nisalimie Neasa, jirani zetu wote, na ng'ombe mwekundu kama bado yuko hai. Mtoto wa Neasa naye mshonee sindano yake kama ulivyotushonea sisi, siwezi kukukataza. Yangu sijaitoa. Ipo pindoni palepale ulipoiweka, Mama, na hakuna tena anayekuja kunichukua.

Ni mimi binti yako,
Gobnait