Ukindu Mwekundu Juu ya Sola

Nkoma, Itilima,
Simiyu.
27 Agosti, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Maige,

Mwadila! Habari za huko Tunduru, na kifua chako kinaendeleaje na vumbi la mgodi? Sisi huku mhola tu. Mayu, mama yetu, goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Pamba tumeshauza, mahindi yapo ya kutosha. Unayepungua hapa ni wewe, na mwaka wa tano sasa unakatika.

Nimempa barua hii Kristofa, anayerudi huko mgodini, aikabidhi mkononi mwako, kwa sababu namba yako haipatikani tangu Jumapili ile. Naomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Tulikwenda Bariadi kwenye maonesho ya kazi za mikono, mimi na mayu na vikapu thelathini. Watu wa mjini hutoka kununua jua likishapoa, na kibanda kisicho na taa hupitwa kama kaburi. Basi tukaiteremsha ile sola uliyotuletea, tukafungasha na betri yake na balbu moja.

Jumamosi jioni balbu iliwaka, ungeiona ungeipenda. Rangi za vikapu zilitoka vizuri kuliko mchana. Kila aliyesimama, mayu alimwonyesha balbu kwanza, ndipo kikapu. Aliwaambia kwamba taa ile ni ya mwanawe Maige. Nilimtania kwamba anakuuza wewe badala ya vikapu.

Jumapili nilishinda mbele na wateja. Kumbe nyuma ya kibanda mayu amechemsha rangi, ukindu wake wa kusukia umeloa, akatafuta mahali penye joto pa kuuanika. Akagusa sola, akaona inaunguza kama kikaango. Akautandaza wote juu yake, mwekundu, toka asubuhi mpaka alasiri. Kwake ilikuwa ni ujanja wa kuokoa muda.

Jioni balbu ilipepesa mara mbili ikazima. Simu nayo, tuliyokuwa tunaichaji kwenye betri hiyohiyo, ikazima. Ilikuwa bado kidogo itimie saa moja, saa yako ya kupiga, na ndiyo Jumapili uliyoahidi kutuambia kama Desemba unakuja.

Maige, nilimkaripia mayu mbele za watu. Aliokota ukindu wake unyuzi mmoja mmoja gizani. Jambo hilo bado linaniuma, na kwake nimeomba radhi.

Jirani yetu Luhende, muuza vigoda, alituvutia waya kutoka kwenye jenereta yake. Simu ilipowaka zikaingia taarifa: umepiga mara saba. Tukapiga sisi, hupatikani. Najua ulivyo, ukinuna unazima simu. Ulidhani tumekuchoka, au mayu ana neno moyoni. Hana. Na Jumapili mbili zimepita kimya.

Sola imerudi paani. Ila sasa mayu hataki taa iwashwe kabisa, anasema chaji yote ni ya simu. Tunakula ugali kwa mwanga wa mafiga. Nikamwambia betri inatosha vyote viwili. Akanijibu taratibu, "Nyumba yangu naijua hata gizani. Sauti ya Maige ndiyo naanza kuisahau."

Nilitoka nje nikalia, sikufichi. Nami nimekukumbuka, hata ugomvi wetu wa kugombea ukoko.

Ule ukindu mwekundu alikataa kuuza kitu chochote alichosuka nao. Amekusukia kapu kubwa la safari, limebaki mikono tu. Anasema mikono ataishona ukiwa umekaa mbele yake, apime urefu wako.

Wa hapa nyumbani, Monika, Mahona na shangazi Salu, wanakusalimu. Mungu akufunike huko chini ya ardhi unakoingia, akutoe salama kila siku.

Piga Jumapili, hata kama jibu ni kwamba huji. Simu imejaa chaji, iko mapajani mwa mayu, nasi tumekaa gizani tunakusubiri.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Ng'washi