Wali Mbichi na Meno Mapya

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu mdogo, mjukuu wa kuchagua,

Hujambo? Na hao wa ofisini kwako? Mimi nimerudi salama, meno uliyonitafutia yako mdomoni, yanang'aa kuliko tabia yangu.

Sasa sikia. Jumamosi mimi nimeachama kwa daktari wa meno, wewe umenishika mkono kama mtoto wa chekechea, kumbe huku bibi yako anapika harusi ya binti wa mwalimu mkuu. Watu mia mbili! Wali umekauka maji, umebaki kupaliwa mkaa juu ya mfuniko. Mara matarumbeta: bibi harusi huyo! Bibi yako na wasaidizi wake mbio na aproni zao, kwenda kuchungulia gauni. Mkaa wakausahau. Kurudi, watu wa harusi wameshajipakulia.

Mtaa sasa unaliita jiko letu "Kokoto". Shughuli tatu zimehamia kwa wengine. Imebaki moja inayositasita, mahafali ya chuo cha wauguzi. Bibi yako kautundika mwiko msumarini, kalala kaelekea ukuta. Anasema mwisho wa mwezi anamrudishia mwenye nyumba funguo za jiko. Miaka ishirini na sita, mama!

Wewe si ndiye unayelipwa kusafisha majina ya watu? Safisha na letu.

Mumeo mzee,
Babu


Alhamisi, 7 Machi

Shikamoo Babu,

Mimi sijambo. Barua yako nimecheka na kulia kwa pamoja, mpaka bosi kaniuliza kama nimefiwa au nimeposwa. Mpe Bibi pole.

Fanya hivi. Usibishane na mtu. Usimtaje aliyekosea. Bandika mlangoni hilo tangazo kubwa nililoambatanisha: "Jiko letu linasikitishwa na changamoto za kiufundi zilizojitokeza katika hatua za mwisho za maandalizi ya chakula, na linawahakikishia wateja huduma bora." Kisha nyamaza. Babu, nakupigia magoti, nyamaza.

Mjukuu wako


Jumanne, 12 Machi

Mke mdogo,

Salamu nyingi. Mimi mzima wa kuringa. Bibi yako bado kaelekea ukuta, hata ukuta umemchoka.

Tangazo limefika. Zuri, limevaa tai. Nikamsomea muuza mkaa, akavua kofia: "Pole mzee, nani kafariki?" Basi nikaligeuza nyuma, nikaandika langu kwa mkaa wake:

"WALI WA HARUSI ULIKUWA MBICHI. SI UONGO. ALIYESAHAU KUPALIA NI MIMI, MZEE WA MENO MAPYA. WAPISHI HAWANA KOSA. MLIOTAFUNA KOKOTO, NJOONI JUMAMOSI MCHANA MLE ULIOIVA. VYOMBO NAOSHA MIMI."

We! Watu wamejaa mlangoni utadhani kumetokea ajali. Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mwalimu mkuu kapiga picha. Katibu wa chuo cha wauguzi kasoma mara mbili, kaondoka zake, ila nimemwona anatabasamu!

Bibi yako kitandani kasikia vicheko. "Kuna nini huko?"

"Wageni wako wa Jumamosi. Usipopika wewe, napika mimi."

Akageuka! Siku kumi, leo ndiyo kageuka!

Babu


Alhamisi, 14 Machi

Babu,

Shikamoo. Sijui nikusalimie au nikushtaki. Picha ya tangazo lako imefika mpaka ofisini kwetu. Bosi kaibandika ukutani, anauliza ni kampuni gani imeandika. Nimwambieje, ya mzee aliyeishia darasa la nne?

Lakini Babu, Jumamosi ile ulikuwa kwangu! Tena unajitaja "meno mapya", meno yenyewe ndiyo shahidi kwamba hukuwepo! Mtu mmoja akihesabu siku, Bibi ataaibika mara ya pili, na safari hii hatoinuka. Mmejiandaaje? Nijibu upesi, silali.

Mjukuu wako


Jumapili, 17 Machi

Mke mdogo,

Lala. Mimi ndiye sijiwezi, mikono imekunjamana kwa maji ya sabuni kama ya mtoto mchanga.

Bibi yako aliutungua mwiko alfajiri. Alipalia mkaa mwenyewe, akaweka kiti pembeni ya sufuria, akakikalia. Hata angepita mfalme uchi, asingeinuka.

Wakaja wote! Wa harusi, wa mtaani, na ambao hata kokoto hawakuionja. Katikati ya kula, mwalimu mkuu akapaza sauti: "Mzee, siku ile si ulikuwa safarini?" Vijiko vikasimama. Bibi yako akainamisha kichwa.

Nikamjibu: "Ndiyo. Nilisahau nikiwa hukohuko."

Mjukuu wangu, kicheko kile kingeezua bati! Kumbe walijua tangu siku ya kwanza, wote. Katibu wa wauguzi akajifuta machozi, akasema: "Wapishi wanaosahau nawajua wengi. Mume wa kuosha sahani mia mbili za kosa la mkewe, sijamwona. Mahafali mnapika nyie." Bibi yako kaitisha daftari la shughuli papo hapo!

Neno la asante hakunipa, unamjua. Watu walipoondoka aliukwangua ukoko wote wa chini, ule ambao miaka hamsini anaula peke yake kwa kujificha, akaniwekea pale kwenye karai la vyombo.

"Haya, mwongo. Tafuna, tuone kama meno ni ya kweli."

Nimetafuna wote.

Babu yako