Mkono Dirishani

Bibi Roza,

Shikamoo. Ungeitikia marahaba kwa lafudhi yako ile, nami ningecheka. Ni mimi Janine, niliyekuogesha na kukupikia miaka mitatu hapa Buffalo.

Sasa nimepewa mzee mwingine, mji jirani wa Lackawanna. Mpole. Hanigombezi kwamba nakoroga chai kama napiga simenti. Kwako wamehamia watu, wameweka pazia la kijani.

Nisamehe, sikukuzika. Binti yako alinipigia Jumanne, nikamwambia dada yangu wa Louisville na shemeji wa Columbus waje tukuimbie Jumamosi. Kwetu sisi marehemu huwangoja ndugu wafike. Nani angeniambia kwamba ninyi Wayahudi mnazika kesho yake, na Jumamosi hamziki kabisa? Miaka mitatu sikuuliza, mjinga mimi. Dada alifika umeshazikwa.

Kinachoniuma ni kwamba hatukuagana. Ulinisimulia mara moja tu, ukimenya viazi. Ulikuwa na miaka mitano, Wajerumani wanakusanya Wayahudi mtaani kwenu. Mama yako akakukabidhi kwa jirani, akakwambia, "Nenda, usigeuke." Ukatii. Hukumwona tena. "Nilikuwa mtoto mwenye adabu," ukasema, "nimejuta maisha yangu yote." Kisha ukauliza chumvi iko wapi.

Ndiyo maana kila jioni ulisimama dirishani ukinipungia mpaka basi la barabara ya Bailey lije. Theluji magotini, bado unapunga. Nikisahau kukujibu, kesho yake umenuna.

Ufaransa, Ajentina, Marekani, kila nchi ulianza na cherehani ya kuazima. Siku niliyolia kwamba Marekani imenishinda, hukunibembeleza. "Nunua sufuria yako mwenyewe," ulisema, "ya msaada warudishie." Nilinunua. Ndiyo ninayopikia mpaka leo.

Jumapili dada alinipeleka makaburini. Nilikuta makaburi ya kwenu yana vijiwe tu juu yake, nikayarudisha maua yangu garini. Niliweka kijiwe. Kuimba kulinishinda. Nikatembea hadi getini, nikageuka, nikakupungia mpaka dada akapiga honi. Watu walinitazama. Shauri yao.

Jioni nikipita na basi bado nalipungia dirisha lako. Juzi mama wa pazia la kijani alinipungia naye, sijui alidhani mimi nani.

Kwaheri, Bibi yangu. Kila nitakapoachana na mtu, nitageuka.

Janine wako