Kopo la Ugoro Lililovuka Sirari

Nyarero, Tarime

Kwako Wangwe, tuliyekatwa naye jando siku moja,

Nina miaka sabini na tisa na fahali bado namfunga kamba mwenyewe. Wezi wa mifugo walioapa kunimaliza nimewazika. Yule daktari aliyesema nisipoacha chumvi sifiki Krismasi, naye tulishamzika, nikala nyama kwenye matanga yake.

Habari za huko Natta? Mama Tabitha hajambo? Tembo wamekuachia mahindi mwaka huu? Sisi huku tunasukuma siku. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mwanangu Vincent alitaka kuniandikia, nikamwambia darasa la tatu la enzi zetu linashinda la saba lao. Nimekaa kimya tangu tumzike mwenzetu Athanas, na sababu unaijua: siku ile nilikuomba ugoro mbele za watu, ukafunika kopo ukasema umeisha. Mtu wa rika langu kuninyima ugoro. Nilinuna mpaka leo.

Sasa sikia. Mwezi uliopita nilivuka kwenda Kenya kwa mwenzetu Mogesi, kule Kehancha, anamwoza mjukuu wake. Unakumbuka tulivyokuwa tunavuka zamani? Tunaswaga ng'ombe, wengine si wetu, hakuna wa kutuuliza jina. Upande ule Kikurya, upande huu Kikurya, na nyuso zetu bado zina unga mweupe wa jando. Athanas anaimba mbele, sisi tunaitikia. Siku hizi pale mpakani Sirari nimeulizwa naenda kwa nani na narudi lini, kama mtoto.

Nilifika vizuri. Jioni Mogesi akanyoosha mkono kuomba ugoro. Nikamwambia umeisha. Akaangalia kopo mfukoni mwangu, akarudisha mkono. Siku zote za kubishania ng'ombe wa mahari hakunisemesha. Mazungumzo yenyewe yakarefuka, wakwe wabishi, na mimi siku nilizopanga zikapita.

Hapa ndipo naona haya kuandika. Ndani ya kopo mlikuwa na vidonge, Wangwe. Vya presha. Navimeza mwaka wa tatu sasa. Nilivitoa kwenye karatasi zake nikavitia humo, juu nikatandaza ugoro, ili wenzangu wasione. Mtikisiko wa pikipiki niliyopanda njiani ukavisagasaga. Nilipofungua kwa siri usiku wa kwanza nikakuta unga, tumbaku na dawa vimekuwa kitu kimoja.

Nikatoroka kwenda duka la dawa. Nikamwambia muuzaji nipe kile kidogo, cheupe, cha mviringo. Akanionyesha rafu nzima, akasema mzee, vyote hivi ni vidogo na vyeupe, na hata ungekuwa na jina, la Tanzania huenda huku ni jingine, nenda ukapimwe kwanza. Nikaona ananidharau. Nikarudi nikavumilia, si unanijua. Siku ya harusi yenyewe kichwa kikagonga kama ngoma, mkono wa kushoto ukawa mzito, nikaanguka mbele ya wakwe.

Aliyenibeba ni Mogesi, na mgongo wake ule. Kwenye kliniki nesi mmoja Mjaluo, anaitwa Abonyo, akanipima, uso ukambadilika. Akauliza natumia dawa gani. Mogesi akamjibu kwa fahari kwamba huyu hajawahi kumeza kidonge. Nesi akasema bila kujua ninachotumia anaweza kunidhuru. Ningenyamaza ningekufa mwanamume. Nikatoa kopo.

Mogesi akalichungulia ndani. Akasema, "Tulikatwa kisu kimoja, damu yako niliiona. Leo unanificha vidonge?"

Kisha akakaa sakafuni kando ya kitanda changu, hakuondoka mpaka presha iliposhuka. Nesi akanigombeza kama mama yangu: dawa ikae kwenye pakiti yake, mtu akisafiri abebe na cheti cha daktari, na abebe ya kuzidi siku za safari.

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Nikiwa nimelala pale nilimuuliza nesi kuhusu mtu aliyekuwa anajifunga kitambaa kichwani kila siku kwa ajili ya maumivu. Akasema wengi presha haiwaonyeshi dalili, ila huyo alitakiwa kupimwa. Wangwe, tulimcheka Athanas kwa kitambaa kile, tukamwita bi harusi. Alipoanguka zizini akafa, tukasema amerogwa kwa wivu wa mafahali wake. Tumebaki watatu, wewe, mimi na Mogesi.

Kwa hiyo nimeacha kununa. Sijui siku ile kopo lako lilikuwa na nini. Kama ni vidonge, njoo navyo, tumeze pamoja mchana kweupe. Kama ni ugoro tu, nenda kapimwe wiki hii, halafu uniletee ugoro wangu.

Nisalimie Mama Tabitha na wajukuu wote.

Ukibisha haya, muulize Mogesi, alikuwa sakafuni. Muulize nesi Abonyo, alinusa lile kopo akapiga chafya. Athanas naye angekuambia, kama tungemuuliza.

Wako wa kisu kimoja,
Kornelio